Joto la Ng'ombe wa Wenyewe

Msichana wa saluni pale mjini Machakos alipofungua kile kikopo cha rangi ya nywele, nilisimama na taulo lake shingoni nikatoka nje hadi barabarani. Alinifuata mbio, akiniita bibi kwa Kikamba. "Susu! Susu, nimekuchoma?" Hakunichoma. Ni harufu tu. Ile harufu inayopanda puani kama sindano, ikakutoa machozi kabla hujajua unalia nini, mimi niliijua kabla mama yake huyo msichana hajazaliwa. Watu husema inanuka kama mkojo wa mbuzi uliofungiwa ndani ya nyumba. Waongo. Mkojo wa mbuzi ni marashi. Hii ni harufu ya siku ile baba mkubwa alipokuja na panga kuiua friji ya mama yangu.

Hadithi hii imesimuliwa sana huko kwetu Kola. Imesimuliwa matangani, imesimuliwa kanisani, na kila aliyeisimulia alijikatia kipande kinono. Sasa wote wako chini ya udongo, nimebaki mimi, na mguu wenyewe uliokuwa unapiganiwa ni huu nimeukunja hapa. Kwa hivyo nitaisema mimi. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu, lakini kwa jambo hili hakuna profesa wa kunisahihisha.

Nitangulize la mjukuu wangu, maana ndiye aliyenichokoza. Yeye hutengeneza mafriji huko Mavoko, na nyumbani kwake amejijengea mtambo wa kupasha maji ya kuoga. Ameutoa kwenye mashine kuukuu ya kupoza hewa, akaunga na pipa, akafunga na blanketi. Anauita pampu ya joto. Jumapili moja alinikalisha kitini akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. "Susu, hii haitengenezi joto. Inalihamisha tu. Inalitoa hewani, inalisukuma kwa maji. Ni kitu mpya."

Nikamwambia, "Kwetu kilikuwako. Na hatukuwa na stima."

Akamtazama mkewe. Mnakujua kule kutazamana. Mzee ameanza.

Basi nimeanza.

Nilikuwa mtoto mdogo, wa kukimbiza kuku na kuwashika, nikashikwa na homa. Homa ikaisha, ikaondoka na mguu wangu wa kulia. Haukukatika, la, ulikuwepo, ukining'inia kama soksi iliyolowa. Nikiuambia nenda, hauendi. Na ulikuwa baridi. Hilo ndilo ambalo watu hawakulielewa. Katikati ya jua la Ukambani, mguu mmoja moto, mwingine baridi kama jiwe la kisimani. Usiku mama alikuwa akiuweka katikati ya mapaja yake ili upate joto.

Sisi mama tunamwita mwaitu, na mimi nitamwita hivyo, siwezi kumwita jina lingine nikamwona. Mwaitu alinibeba hadi zahanati. Nesi akanibonyeza, mimi Ndunge, akamwambia, "Mama Ndunge, hapa hakuna dawa ya chupa. Ni maji ya moto. Asubuhi na jioni, umkalishe kwenye maji mpaka goti lilegee, halafu unyooshe mguu, usugue, unyooshe. Kila siku. Na usichoke."

Wewe ungesikia hapo ushauri. Mwaitu alisikia mtu akimtukana. Yeye achoke?

Lakini maji ya moto yanataka kuni, na ule ulikuwa mwaka wa kiangazi. Mlima wa karibu ulikuwa na askari wa msitu, mtu mwenye filimbi na roho mbaya. Kuni zilikuwa mbali. Wewe wa rika langu unawakumbuka mama zetu, wale waliobeba mizigo mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, mpaka paji likawa na mfereji. Mwaitu alikuwa na mfereji wa kutosha kupitisha maji ya mvua. Siku hizi wasichana wanapaka pale unga. Sisemi kitu. Ila nasema: mfereji ule ulikuwa wa kuni za mguu wangu, na nikiwa kitandani mwangu nilikuwa naugusa kwa kidole alipokuwa amelala.

Mara mbili kwa wiki mwaitu alikwenda kufua nguo za padri. Padri alikuwa na friji ya mafuta ya taa. Kwa wasioijua: ni sanduku jeupe lenye taa ndogo chini, na bomba nyeusi mgongoni zimejipinda kama matumbo. Unawasha moto, ndani kunakuwa baridi. Ndiyo. Moto chini, baridi ndani. Watu wengi waliipita na kuishangaa na kwenda zao. Mwaitu hakushangaa kitu kisichomfaa. Ila mwezi wa saba, ule mwezi wa mawingu Machakos yote inapokunja mabega, soksi za padri zilikuwa haziwezi kukauka. Akazitundika nyuma ya friji. Alipomaliza kupiga pasi shati akakuta soksi zimekauka kabisa, moto, kama zimetoka mguuni.

Akaenda nyuma akaweka mkono kwenye bomba. Akaenda mbele akaweka mkono ndani kwenye chupa za maziwa. Akarudi nyuma. Hivyo hivyo, mpaka padri akamkuta.

"Unatafuta nini, mama?"

"Padri, hii kitu inanyang'anya maziwa joto, halafu inakuja kulitupa huku nyuma ya ukuta."

"Ndivyo inavyofanya kazi."

"Inatupa!" mwaitu akasema. "Na mimi natembea mpaka ng'ambo kutafuta kuni!"

Alirudi nyumbani amekasirika kama mtu aliyeibiwa. Na hasira hiyo haikuisha. Kila alipotoka kufua, alisema, limetupwa lingine leo.

Siku moja ile friji ikagoma. Taa inawaka, ndani hakupoi. Padri akaletewa nyingine, na ile kuukuu akaitoa nje ikae na mabati mabovu. Mwaitu akaiomba. Padri, mtu mzuri, mcheshi, akamwuliza, "Mama Ndunge, imekufa. Na hata ingekuwa hai, utagandisha nini? Huna hata ng'ombe."

"Sigandishi," akasema mwaitu. "Napasha."

Hapa sasa nieleze mwethya, maana vijana wa leo wakisikia kikundi wanafikiria mkopo. Mwethya kilikuwa ni kikundi cha kina mama cha kusaidiana kazi kwa zamu. Wiki hii wote wanachimba matuta kwa shamba lako, wiki ijayo kwa langu. Na kulikuwa na sheria moja: zamu yako ikifika, unachotaja ndicho kinachofanywa. Hakuna kuuliza kwa nini. Zamu ya mwaitu ilifika mwezi wa tisa, kabla ya mvua, wakati ambapo mtu mwenye akili anataka matuta yake yachimbwe ili maji yasiondoke na udongo. Matuta yetu yalikuwa yamebomoka. Kina mama wakaja na majembe. Mwaitu akawaambia, "Wekeni majembe chini. Twende tukabebe friji ya padri."

Halafu Mama Kioko, rafiki yake, mwanamke mwenye mdomo wa kutosha vijiji viwili, akasema, "Sheria ni sheria. Lakini Mama Ndunge, kama kuna mzungu ndani, useme mapema."

Wakaifunga kanda. Wakaibeba kwa mapaji ya uso, wanne kwa wanne, wakipokezana, kutoka kanisani kuteremka bonde na kupanda kwetu. Friji ile ilikuwa chuma tupu. Kwenye mteremko wa mashamba kamba ikakatika, ikaanza kubingirika tuta kwa tuta, ikianguka mtaroni, ikiinuka, ikianguka tena, kina mama wakiikimbilia nyuma na kupiga kelele kama wanafukuza nguruwe. Ikasimama kwenye mtaro wa mwisho, miguu juu, kichwa chini. Jua lilikuwa linazama. Wakaitazama.

"Imekufa mara ya pili," akasema Mama Kioko. "Kesho tutaizika." Wakaiacha vile vile, juu chini, hadi asubuhi.

Mjukuu wangu, kwa huo ujuzi wake wote, alipofika hapa kwenye hadithi aliinuka kitini. Kumbe friji za aina ile zikigoma, dawa yake ndiyo hiyo hiyo: unaipindua juu chini usiku kucha, kilichoziba ndani kinashuka, inapona. Nani alijua? Padri hakujua. Mwaitu hakujua. Ni matuta ya Ukambani yaliyoitibu, na ninapenda iwe hivyo. Walipoifikisha nyumbani, wakaisimamisha jikoni, wakawasha utambi, mwali ukasimama wa buluu, na kesho yake kikombe cha maji kilichokuwa ndani kikawa baridi mpaka kinauma meno. Padri alikuja mwenyewe kutazama. Akarudia, "Lakini ilikuwa imekufa. Ilikuwa imekufa." Mama Kioko akamjibu, "Padri, hata wewe tungekubingirisha vile ungefufuka."

Sasa mwaitu akaanza ujenzi. Alikata debe akalipinda likumbatie zile bomba za mgongoni, fundi wa madebe wa sokoni akalehemu mishono. Mara ya kwanza lilivuja, maji yakaangukia utambi, tukakaa gizani na moshi. Mara ya pili bomba ziligusa debe mahali pamoja tu, maji yakawa vuguvugu ya kumwogesha adui. Akakaa siku nzima akiitazama. Halafu akaenda kuchimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu, laini, akaukanda na maji kama unga, akauziba katikati ya bomba na debe, kila tundu, kwa vidole, mpaka bomba na debe vikawa kitu kimoja. Nje akavisha magunia ya mkonge yaliyojazwa nyasi. Ilikuwa mbaya, sitadanganya. Mbele friji ya padri, nyuma kichuguu kilichovaa gunia. Lakini asubuhi ulitumbukiza mkono kwenye debe ukautoa haraka.

Baba yangu mkubwa, Mutua, kaka yake baba, alikuja kuiona. Baba alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo Mutua ndiye aliyekuwa mwanamume wa boma. Alikuwa amejifunza kuchonga vinyago huko Wamunyu, na tangu niugue alinichongea fimbo nzuri sana ya kutembelea, yenye kichwa cha twiga. Niliikataa. Nilikuwa mdogo lakini nilijua fimbo ile inasema nini. Inasema, yamekwisha. Mwaitu aliichukua akaitumia kuzuilia mlango wa friji, maana kitasa kilivunjika kwenye matuta. Mutua aliona twiga wake amebanwa pale. Aliuliza tu, "Si ungenunua stovu uchemshe maji?"

"Stovu inakula mafuta inapasha sufuria," akasema mwaitu. "Hii inakula mafuta yale yale inapasha maji, na inahifadhi maziwa. Uliza nani analeta mafuta."

Hapo ndipo ujanja ulipokuwa. Kina mama wa mwethya walikuwa wakikamua jioni, maziwa yanalala, asubuhi yameganda, sokoni hakuna mnunuzi. Sasa wakawa wanayaleta kwetu. Kila jioni mlango wetu ulijaa chupa, maziwa bado yana povu, moto kutoka kwa ng'ombe. Yanaingia ndani ya sanduku, yanalala, asubuhi wanayachukua yakiwa baridi na mazima. Malipo yalikuwa ni mafuta ya taa ya kujaza taa, kwa zamu, kama mwethya. Nami nikamwuliza mwaitu, "Joto la maziwa linaenda wapi?"

Akanielekeza kwa kidevu kwenye karai, lile beseni la bati nililokuwa nimekaa ndani yake. "Kwako."

Neno lile moja, jamani. Mtoto ukimpa neno moja anajenga nyumba. Nilielewa kwamba mguu wangu unajazwa joto la ng'ombe wa watu. Kila jioni nilisikiliza chupa zikifika, nani ameleta, na nikiwa ndani ya karai nyuma ya pazia la gunia nilikuwa nawatambua. Huyu ni ng'ombe wa Mama Kioko, maana mguu unachomachoma, na ng'ombe wa Mama Kioko alikuwa mpiga mateke. Huyu mpole anayepanda polepole hadi pajani ni ng'ombe wa Mutua, yule mwenye doa jeupe, ambaye shangazi, mke wa Mutua, alimkamua. Nilimpenda kuliko wote. Na mguu, nisikilize, mguu ulianza kujibu. Kwanza kidole gumba. Kilitikisika ndani ya maji kama samaki mdogo. Mwaitu alikiona, akakaza midomo, akaendelea kusugua.

Nikaona tuongeze. Siku moja maziwa yalikuwa machache, nikajiburuta hadi kwa kuku aliyekuwa akiatamia, maana hakuna kitu cha moto kama tumbo la kuku anayeatamia, nikamwingiza ndani ya friji nikabana mlango na twiga. Jioni Mama Kioko alifungua aweke chupa yake, akakuta kuku amesimama juu ya maziwa, mzima, amejikunja shingo, anamtazama kama mgeni aliyekaribishwa nyumba isiyo na moto.

"Mama Ndunge! Friji yako imetaga!"

Nilichapwa. Lakini mjukuu wangu anasema hesabu yangu ilikuwa sawa kabisa, joto la kuku lingefika kwenye maji. Mimi nilijua. Nilichapwa nikijua.

Halafu ng'ombe wa Mutua akakauka.

Mnajua wazee wetu walivyoamini. Susu wangu mimi, mama yake baba na Mutua, alikuwa akisema maziwa hayaachani na titi mpaka yanywewe. Ukiyaunguza, titi linaungua huko liliko. Ukiyamwaga ovyo, linalia. Basi Mutua akaunganisha. Kama maziwa yanalala kwenye baridi usiku kucha, titi nalo linalala kwenye baridi. Alikwenda zizini akalishika, akasema ni baridi. Alimpenda yule ng'ombe. Nilimwona kwa macho yangu akiwa ameweka sikio lake ubavuni mwa mnyama, kama anasikiliza redio. Siwezi kumcheka kwa hilo. Nitamcheka kwa mengine.

Na mimi niliamini kumzidi. Nilikuwa na ushahidi! Joto lake lilikuwa kwangu, nililihisi likipanda pajani kila jioni. Nilikuwa nimemmaliza. Asubuhi iliyofuata mwaitu aliponiletea karai nikakataa kuingia. Jioni nikakataa. Siku ya pili nikakataa, nikalia, nikauma mkono wake. Goti likaanza kukaza tena. Kidole gumba kikanyamaza.

Mwaitu alichuchumaa mbele yangu. "Nani amekuambia?"

"Titi limekuwa baridi. Nimemaliza joto yake."

Alinibeba mgongoni, akanipeleka hadi zizini kwa Mutua, mchana, kila mtu akiona. Akanionyesha kihori. "Kuna nini hapa?"

"Hakuna kitu."

"Na hapa?" Mbavu za ng'ombe, unaweza kuzihesabu kwa fimbo.

"Mifupa."

"Ng'ombe haachi maziwa kwa sababu ya mtoto. Anaacha kwa sababu ya njaa. Joto uliyopewa imekwisha kuwa yako, hairudi kwa mtu. Umesikia? Hairudi." Na hakusema kwa sauti ndogo. Mutua alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake, alisikia kila neno, na watu walikuwa wakipita.

Hilo ndilo lililomleta na panga. Kwa ng'ombe peke yake angemsamehe mwaitu. Lakini kuambiwa kihori chake ni kitupu mbele ya majirani!

Alikuja jioni ile ile, kina mama wako uani na chupa zao. Mimi nilikuwa nimekwisha kukubali, nimo jikoni ndani ya karai nyuma ya pazia, maji hadi kiunoni.

"Mama Ndunge, toa hiyo kitu kwa boma ya mama yangu."

"Boma ya mama yako ndiyo hii mimi nalima, shemeji?"

"Ng'ombe yangu imekauka!"

"Imekula nini tangu mwezi wa tano? Maombi?"

Kina mama wakacheka, na hapo walikosea, maana mwanamume anayechekwa hasikii tena. "Mungu akichukua mguu," akapiga kelele, "mtoto hupewa fimbo! Haibiwi ng'ombe za watu! Nilimchongea fimbo!"

"Na inafanya kazi," akasema Mama Kioko. "Inashika mlango."

Akampita mwaitu akaingia jikoni. Hakujua nimo. Nilisikia panga likigonga udongo wa kichuguu, mara moja, likagonga debe, halafu likapata chuma. Na kitu kikapiga mluzi.

Sasa ngoja kidogo, maana ni hapa ndipo wasimulizi wote walipojigawia nyama. Mutua, mpaka anazeeka, alisema yeye ndiye aliyenitembeza. Kwa panga lake. Alilisema hata kwenye harusi yangu, watu wakampigia makofi. Padri, Mungu amweke pema, alisema ni sala, na kwa miaka mingi kulikuwa na watu waliokuja kugusa ukuta wa jiko letu. Daktari mmoja aliniambia ugonjwa ule wakati mwingine huachia wenyewe. Wenyewe! Kama kwamba mwaitu alikuwa amekaa akisuka vikapu. Hata shangazi alisema ni hofu, hofu humtembeza hata maiti.

Nawaambia wote, hapana. Hofu haina misuli. Panga halina misuli. Mguu ule ulikuwa umesuguliwa asubuhi na jioni na mikono iliyopasuka kwa sabuni, umelala ndani ya joto la maziwa ya wanawake waliobeba chuma kwa mapaji yao bila kuuliza kwa nini. Siku ile ungetembea hata kama Mutua angeleta keki. Na hauko sawa mpaka leo, nachechemea, mwembamba kama mkono wa jembe. Lakini nimelima nao, nimepanda nao mlima wa askari wa filimbi, nimezika waume wawili nikiwa nimesimama. Ile friji haikupona tena, hata tulipoipindua. Baada ya hapo kila mama wa mwethya aliniletea maji kutoka jikoni kwake kwa zamu, mpaka mvua ikaja na kuni zikapatikana, na matuta yetu wakayachimba bila kuhesabu kama zamu ya mtu. Kuna ambaye bado anataka kunieleza ni muujiza?

Ilikuwa hivi. Mluzi, halafu ile harufu ya kikopo cha saluni, dawa iliyokuwa imefungiwa ndani ya bomba. Iliingia puani, ikaingia machoni, ikaingia kifuani kama ngumi. Nilimsikia Mutua akikohoa, akigonga mlango, akitoka. Uani watu walikimbia. Mimi sikuona kitu. Nilidhani joto lote limetoboa njia, linarudi kwa wenyewe, na litapita kwangu lichukue na lililo mguuni. Nikasema hapana. Nilikuwa mtoto, lakini nilisema kwa sauti, hapana, mwaitu amesema hairudi. Nikashika ukingo wa karai. Nikashika ukuta. Mguu wa kushoto ukatoka majini, nikauweka chini. Nikauambia wa kulia, nenda. Ukaenda. Ukatetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, lakini ulinishika. Nikauambia tena. Nilifuata ukuta mpaka ukaisha, halafu hakukuwa na ukuta, kulikuwa na mwanga wa mlango, nikaenda.

Mlangoni nilikutana na mwaitu anaingia, amejifunga leso puani. Kina mama wawili walikuwa wamemshika, amewakokota. Akanitazama. Akanishika kichwa, mashavu, mabega, haraka haraka kama mtu anayekagua gunia kama limetoboka. Halafu akanisukumia nje, akanipita, akaingia ndani.

Nikabaki nimesimama uani peke yangu, uchi, nimeshika nguzo ya ghala, nakohoa. Watu walikuwa wamerudi polepole. Hakuna aliyenikaribia. Mutua alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, macho yanachuruzika, anautazama mguu wangu mdomo wazi. Mama Kioko aliinua kichwa akaanza kupiga vigelegele.

"Nyamaza, Mama Kioko!" ilikuwa sauti ya mwaitu. Alitoka jikoni ameizima taa, macho mekundu kama pilipili, na amebeba lile karai kiunoni, maji yakimwagikia miguu yake. Akaliweka chini mbele yangu, katikati ya watu wote. Akatumbukiza kiwiko. Akasubiri kidogo.

"Bado yana moto," akasema. "Rudi ndani."